Lita Hamsini za Upepo

Wiki ya tatu sasa nalala na vipeperushi vya mashine.
Salme anauliza kama nimeoa tena.

Nataka kompresa. Isiwe jitu, isiwe kitoto.
Ya kujaza matairi, ya kulegeza nati zilizoota kutu,
na Mungu akipenda, ya kuipulizia rangi ile Pijo 504
niliyoikuta bandani kwa mkulima, maili sita nje ya Coventry,
kuku wametaga kiti cha nyuma.

Jaspal wa dukani, kalamu nyuma ya sikio,
akanishika mkono kabla sijashika pochi:
“Usihadaike na msukumo, kila mashine ina msukumo.
Uliza inatoa hewa kiasi gani kwa dakika.
Bunduki ya rangi ina kiu, bwana,
hainywi kwa kijiko.”
Tangi la lita ishirini na nne litakata pumzi
katikati ya mlango wa kwanza.
La lita mia litaomba kodi ya nyumba.
Na plagi ya ukutani, kwa fyuzi yake ya ampea kumi na tatu,
haivuti zaidi ya farasi watatu.

Farasi watatu!
Ndani ya gereji ambamo baiskeli mbili tu hugombana.

Nikabakiwa na mbili za lita hamsini.
Moja kavu, haitaki mafuta, nyepesi, bei ya mfuko wangu,
inalia kama bati linaloburutwa kwenye lami.
Ya pili ya mafuta, inanong’ona kama jokofu.
Bei yake nayo imeandikwa kwa kunong’ona:
ukiisogelea, unaruka.

Lakini nyumba zetu zimeshikana mabega.
Kati ya gereji yangu na chumba cha Doreen
pana tofali moja na adabu.
Nikabisha hodi, sauti za mashine nimezirekodi kwenye simu.
Nikamsikilizisha ya kwanza. Akafunika birika la chai
kana kwamba litaingia vumbi.
Nikamsikilizisha ya pili.
Akaketi.

“Ken,” akasema.

Nikakumbuka.
Miaka miwili ukuta ule ulipumua usiku:
kivute, kishike, kishushe.
Kidude cha magurudumu kikichuja hewa ya chumba
na kumrudishia mumewe kwa mrija wa puani,
fundi aliyepuliza rangi magari ya watu kiwandani
miaka thelathini, mdomo umefungwa leso.
Mimi na Salme tulikilaani kile kidude,
kisha tukakizoea,
kisha, sijui lini, tukawa tunalala kwacho.
Mwezi Machi kilinyamaza. Tuliamka wote wawili.

“Chukua hiyo,” akasema Doreen.
“Na barakoa. Ya vichujio viwili, si karatasi.
Uniletee niione.”
Akamimina chai, ikawa imepoa, akaimwaga, akamimina tena.
“Wala usinihurumie jioni. Jioni iwashe.”

Nimeinunua. Nimeazima kwa shemeji, Salme anajua, shemeji hajui kwamba anajua.
Barakoa imekaguliwa, mikanda yake imevutwa na vidole vya Doreen
mpaka masikio yangu yakawasha moto.
Kila nikimaliza kazi nafungua koki ya chini ya tangi:
maji, nusu kikombe, rangi ya kutu.
Unyevu wa mji huu hata upepo haukauki.

Pijo bado ina viraka, mlango mmoja mweupe, mmoja wa kijivu.
Jana usiku mashine ilifika kipimo, ikajizima.
Nikaanza kukunja mpira.
Ukutani: ngo, ngo.

Sikuwa na tairi la kujaza, wala nati.
Nikaminya bomba, nikauachia upepo uende bure,
chini ya mlango, nje, kwenye mvua,
mpaka sindano ikashuka,
na mashine, ikijiona imepungukiwa,
ikaanza tena.