Jumatano, Ova ya Mwisho

Tulikuwa kumi. Pickersgill, fundi bomba,
alipiga simu dakika ya mwisho: jikoni kwa mtu maji magotini.
"Asiyekuwepo na lake halipo," akasema nahodha,
akaniandika mwisho wa orodha,
pale anapowekwa mtu
ambaye timu nzima inaomba zamu yake isifike.

Ikafika.

Ubao wetu ni misumari na vipande vya bati.
Namba tisa ilipotea mwaka juzi,
tunatundika sita kichwa chini.
Zilitakiwa mbio tisa, ilibaki mipira sita:
bati lile lile,
moja limesimama, moja limepinduka.

Mimi ni mwoka mikate wa Harrowbeck.
Saa tisa za usiku sharti tanuri liwe linawaka,
na sasa ni saa tatu kasoro, jua la Juni
limejiegemeza kilimani kama mgeni asiyeaga,
huku wingu la mvua likimkunjia mkeka.

Upande wa pili Waqas, miaka kumi na mitano,
suruali ya shule ndani ya pedi,
ameahidi nyumbani kwamba hesabu atazimaliza leo.
Na anayerusha ni Thackray, daktari wa meno,
aliyening'oa gego mwezi wa pili
akiniambia: hutasikia kitu.
Nilisikia.

Mpira wa kwanza: Waqas, mbio mbili.
Nilikimbia, magoti yakanifuata baadaye.
Wa pili: patupu.
Wa tatu ulipasua nyasi, ukapita chini ya uzio,
mbio nne, ukazama kwenye upupu.

Hatuna mpira wa akiba. Hazina ya klabu
ni mkebe wa biskuti, na mkebe una paundi saba
na kifungo cha shati.
Basi tukatafuta sote, wao na sisi,
timu mbili zimeinama kama watu wa palizi.
Mwamuzi, shemeji yangu Arnold,
sweta nne za watu zimemfunga kiuno,
alipekua majani kwa mwavuli.
Kondoo walitutazama juu ya ukuta wa mawe.
Aliyeuona ni Thackray. Vidole vimemvimba.
Angeweza kunyamaza dakika kumi tu, giza limchezee.
Aliufuta surualini, akasema: Huu hapa.

Wa nne: Waqas, moja. Nikajikuta mimi ndiye napiga.
Wa tano niliusikia ukipita
kama mtu aliyenong'ona jina langu na kwenda zake.
Wa sita
ulikwaruza gongo, ukaanguka miguuni pangu,
ukatulia kama yai.

"Njoo!" Waqas alishafika nusu ya njia.
Yadi ishirini na mbili.
Nimewahi kutembea zaidi nikitafuta miwani iliyo usoni.
Mlinda wiketi akautupa, Thackray akaudaka,
na kwa mkono ule ule akang'oa kijiti,
safi, na mzizi wake.

Sikusikia kitu.

Arnold alitazama nyasi, akatazama mbingu,
akaufikiria, nadhani, mchuzi wa Jumapili mezani kwangu,
kisha kidole kikapanda.
Wao mia na kumi na nane. Sisi mia na kumi na saba.

Waqas hakunilaumu. Aliniuliza tu
kama najua kugawanya sehemu kwa sehemu.
Mwoka mikate asiyejua sehemu atauza nini?
Tukafanya hadi swali la nne
juu ya boneti ya gari la mikate,
mvua ikaja ikajibu la tano.

Saa tisa nilikuwa na unga hadi viwikoni.
Nikajikuta nimeukamata mpini wa koleo la tanuri,
kiwiko juu, mguu wa kushoto mbele.
Dirishani hapakuwa na mtu.
Nikaupiga tena ule wa sita.
Ulipita juu ya kondoo.