Mnofu

Jumatano. Chumba cha barafu kiliharibika saa nane mchana,
katoni tatu zikakataliwa kwa nyuzi mbili za joto zilizozidi.
Msimamizi akasema wafanyakazi wanunue, bei ya kutupa.
Nikachukua vipande viwili vya mbuta,
vyeupe kama shuka la hospitali,
nikavibeba katika kikasha changu cha chakula.

Miaka sita napima minofu hii kwenye mizani,
naandika gramu, nabandika jina la mji nisioujua,
na sijawahi kuila.

Migosi, saa moja na nusu. Stima ipo, tushukuru.
Mama yuko kitini pake, meno ya chini yamebaki mawili
na hayaelewani.
Wendo anafanya hesabu za kugawanya
juu ya meza ninayotaka kukatia kitunguu.
"Sogea." Hasogei.
Nakatia kwenye kifuniko cha sufuria.

Hakuna mengi ya kufanya, na hilo linanitisha.
Mapishi niliyokulia yalikuwa kelele:
karai la mafuta kule Obunga, moshi machoni,
mama na wenzake wakisukumana langoni mwa kiwanda
kwa ajili ya mgongo wazi:
kichwa, uti, mkia,
na katikati hewa, pale nyama ilipokuwa.
Mifupa ile tuliinyonya mpaka ikapiga mluzi.
Mgongo huo ulinivalisha sare,
ukanilipia karo hadi kidato cha nne,
ukanifikisha upande wa pili wa lango lilelile.

Basi. Napangusa mnofu kwa kitambaa,
maana ukiwa na maji hauchomeki, unatokota tu.
Chumvi. Ndimu nusu.
Kitunguu saumu nakiponda kwa kitako cha glasi.
Nawasha moto wa juu wa oveni,
ule ambao sijaujaribu tangu tununue jiko hili
kwa mwalimu aliyehamia Nakuru.
Unashika kwa pwaa! ya buluu, kisha unatulia, mwekundu.

Napiga magoti mbele ya kioo.
Kingo zinajikunja. Juu panaingia madoa
ya rangi ya chai ya maziwa.
Harufu yake haifiki hata kwa jirani.
Samaki wa mama ulimjua ukiwa bado barabarani.

"Unapika au unaomba?"
"Napika, mama."
"Mbona sisikii?"

Ugali, sukuma, sahani tatu. Vipande viwili kwa watu watatu,
nakata kwa kijiko, najipa penye kuungua.
Mama anabonyeza chake kwa kidole gumba,
anapapasa, anageuza,
kama mtu aliyeangusha ufunguo mchangani.
"Mifupa yake iko wapi?"
"Ilitolewa."
"Nani ameila?"

Najaza maji kwenye vikombe.

Anatia mdomoni. Hatafuni, hakuna cha kutafuna.
Nyama inaachana yenyewe, tabaka kwa tabaka,
kama kurasa za kitabu kilicholoa.
Anameza. Anatazama ukuta, kalenda ya mwaka juzi.
"Kumbe hii ndiyo ilikuwa inaenda."

Hakusema kwa hasira.
Alisema kama mtu anayeonyeshwa picha
ya mpangaji wa chumba cha pili,
aliyemsikia akikohoa miaka ishirini
bila kumwona uso.

"Mia nne kwa tatu," anauliza Wendo, mdomo umejaa,
"inabaki ngapi?"
"Inabaki moja," anajibu mama kabla yangu,
yeye ambaye hakuketi darasani hata siku mbili.
Kisha kwangu, akifuta sahani kwa tonge la mwisho:
"Ni tamu. Lakini kesho niletee mgongo.
Nitanyonya tu."

Nasugua trei. Hakuna kilichoganda.
Paka wa Mama Rispa amekaa mlangoni
kwa mazoea, anangoja mifupa.
Namwonyesha mikono yote miwili.
Haniamini.