Boriti Namba Saba

Tumeilaza juu ya vyuma viwili
boriti namba saba, mita tatu kasoro kidogo,
imemwagwa Keko, ikanyweshwa maji
siku ishirini na nane chini ya magunia.
Jua la Februari limekaa juu ya mabati ya maabara,
hapa Chang'ombe, kama mdai.
Mshumbusi anapampu jeki. Mimi nimeshika chaki.

Nusu tani. Kimya.
Tani moja: juu kokoto zinasukumana mabega,
chini zege linavutwa,
na zege kuvutwa haliwezi.
Litwishe ghorofa kichwani, litabeba;
livute mkono, linakatika.
Ndiyo maana chini tumelaza nondo tatu za milimita kumi na mbili.

Katikati upo mstari
usiobanwa wala kuvutwa.
Tulizo, mwanafunzi wa mazoezi, anataka nimwonyeshe.
Hauonekani, namwambia, tena hautulii:
ufa ukifunguka, wenyewe unahamia juu
kama mpangaji wa Jangwani Msimbazi ukifurika.

Tani moja na robo: huu hapa.
Mwembamba, unywele wa kichanga.
Naufuata kwa chaki, naandika uzito pembeni.
"Usipoziba ufa," anaanza Tulizo.
Hapa hatuzibi. Hapa tunausubiri.
Boriti njema hulalamika mapema,
hupinda, huchanika,
humpa mwenye nyumba muda wa kutoa watoto na magodoro.
Ya kuogopwa ni ile iliyoshindiliwa chuma kupita kiasi,
wageni wanaisifu, haina hata mkunjo,
kisha alfajiri moja zege la juu linapasuka
na hakuna aliyeambiwa.

Mama yangu, Vingunguti, alikuwa hivyo.
"Sijambo, mwanangu."
Sijambo ya chuma kitupu.
Hata Jumamosi ile, saa nne, sijambo.
Saa saba nikapigiwa na jirani.

Tani sita na nusu. Nondo zimekubali.
Mshumbusi ameachia mpini,
lakini sindano ya kipimo bado inatembea:
milimita thelathini, thelathini na nne.
Umeme unakatika. Feni linasimama,
na sasa tunasikia lililokuwa likifichwa na feni:
boriti inakwaruza, ndani kwa ndani,
kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Niandike nini?" Tulizo anauliza.
Subiri, namwambia. Bado inasema.
Ufa mwingine unapanda kutoka katikati.
Chaki imeniishia.
Naufuata kwa kidole.