Kwa Drichiru, Aliyeuliza Bei ya Kuanza

Umeniuliza kwa simu, salio likikuishia,
ni pesa ngapi za kuanzia.
Nikasema elfu thelathini.
Nilikudanganya, mdogo wangu:
nilianza na ishirini na mbili
na wembe wa shemeji, ambao bado anautafuta.

Udongo huu si ule wa mto Enyau,
ule tuliofinyangia ng'ombe wasio na pembe.
Huu unafika Arua kwa basi la usiku
ndani ya nailoni, mgumu kama sabuni ya mche,
wala hauamki kwa amri.
Uweke kwapani kama kipimajoto cha zahanati,
ukande, ukunje, ukande tena,
mpaka ukubali kuinama bila kupasuka.

Usinunue rangi kumi na mbili.
Muuzaji atazipanga mbele yako kama mahari.
Mwache apange.
Wewe chukua nyeupe, nyekundu, njano na buluu;
kijani kimejificha humo,
na ile rangi ya ganda la kiazi kitamu, inayopendwa na walimu,
imo humo pia, ukiitafuta kwa kidole gumba.

Chupa ya soda ndiyo ya kusukumia.
Meza yangu ni kigae kimoja
nilichomwomba fundi Onzima huko Ediofe.
Aliniuliza kama namjengea panya bafu.
Nikamjibu ndiyo, na panya amelipa.
Mishipa ya jani la muhogo huchapa vizuri,
na tundu la kulabu
litoboe kabla ya moto, Drichiru. Kabla.
Baada ya moto utatoboa kidole.

Tanuri sina.
Nina sufuria ya mama, ile kubwa ya Krismasi,
mchanga vidole viwili, mawe matatu,
kigae juu ya mawe, kifuniko, na makaa machache
kama unavyooka keki.
Ila sufuria ukishaipa udongo
usiirudishie mchuzi.

Mara ya kwanza niliogopa vitabaki vibichi,
nikaongeza makaa, nikaenda kuanua nguo.
Moshi uliotoka haukuwa moshi wa chakula.
Asibazuyo wa jirani alimbeba mtoto akakimbilia barabarani,
nami nikafunua, nimejifunga kanga puani:
jozi nane, nyeusi, zimetoka mapovu
kama uji uliosahauliwa.
Sikulia. Nilihesabu.
Jozi nane mara elfu tatu.
Kisha ndiyo nikalia.

Ezati mwokaji mikate ana kipimajoto cha kweli.
Aliniazima kuanzia saa nane hadi saa kumi,
malipo yakiwa hereni za mkewe.
Digrii mia na thelathini, nusu saa,
na mimi nimechuchumaa hapo sikopesi macho yangu kwa mtu.
Zikatoka nyekundu ile ile niliyoingiza.
Nikazipeleka kwa mke wa Ezati zimefungwa kwa gazeti;
akafungua, akacheka, akasogeza kitambaa:
masikio yake hayajatobolewa hata tundu moja.
Miaka kumi na moja ya ndoa, na mumewe hajui.
Nikazigeuza kuwa kidani,
na hicho kidani ndicho kilichonileta wateja watano wa mwanzo.

Sasa kuna wiki nauza, kuna wiki naangalia mvua.
Sitakuambia utajenga nyumba.
Mwezi uliopita nililipa umeme, nikanunua nyeupe nyingine,
ikabaki mia tano nikaila ndizi.

Jina langu unajua maana yake: taabu.
Mama alinipa akiwa na sababu zake.
Nyuma ya kila kipuli, kwa ncha ya sindano,
naandika herufi ya kwanza tu, C.
Wateja hudhani ni mwezi mwandamo.
Siwasahihishi.

Njoo Jumamosi, na kigae chako.
Na mama akiuliza sufuria yake iko wapi,
hujaiona.