Koti Namba Arobaini na Saba

Osmundi Nandonde alilichomoa kwenye marobota ya Mkuti,
chini ya magauni ya harusi na sweta za watoto wa nchi za baridi:
koti la ngozi, zito kama mtu aliyelala.
Elfu kumi na nane. Muuzaji alidhani ni la zimamoto.
Mgongoni 47, kifuani herufi
kama njiti za kiberiti zilizomwagika.

Akalivaa juani, Masasi, mwezi wa kumi.
Kijiweni wakamwita Mjapani, wakamuuliza bei ya samaki mbichi.
Hakujibu. Alikuwa anatoka jasho kwa heshima zote.

Mimi ni fundi. Herufi zile sizisomi, nasoma kulika.
Nililigeuza juu ya benchi, kati ya kabureta na chupa ya petroli:
kiwiko cha kulia kimelika hadi kitambaa,
bega la kulia limeshonwa mara mbili, kwa mikono miwili tofauti,
na upande wa kushoto mzima, kama wa jana.
Nikamwambia, huyu alikuwa anazunguka mahali pamoja,
anafuata mwendo wa saa, miaka mingi.
Akacheka.
Nani apande pikipiki asifike popote?

Mwalimu Hisako, wa hesabu, alikuja na pancha siku ya Ijumaa.
Ndiye aliyekisoma kifua: Kurahashi.
Akampigia mjomba wake, mjomba akampigia mtu,
na mtandao ukatuletea maisha ya mwanamume
vipande vipande, kama spea zilizoagizwa Dar.

Misimu kumi na mmoja.
Hakushinda hata mara moja.
Wa tatu, siku moja, kwenye mvua,
kwa kuwa waliomtangulia waliteleza.
Mtulinga ulivunjika, akaingia mashindanoni na chuma ndani ya nyama,
akamaliza wa kumi na tisa, hakuna aliyempiga picha.
Baadaye kampuni ikamfanya mjaribu:
alfajiri, uwanja mtupu, viti maelfu bila mtu,
yeye na injini ambayo bado haijapewa jina.
Anazunguka, anarudi, anavua kofia, anasema
kwenye kona ya nane inakohoa.
Wanafungua, wanafunga. Anazunguka tena.
Jumapili anaipanda mwingine,
mwingine analowa shampeni.

Hapo nikaweka spana chini.
Mtu huyo namjua.
Pikipiki ngapi zimepanda Newala na sifa za wenyewe,
zimebeba sikio langu tumboni?

Osmundi akauliza la maana: alilipwa?
Alilipwa kwa mwezi, akasema Hisako. Kama mwalimu.
Osmundi akamtazama kwa huruma.
Yu hai?
Yu hai. Ana duka la baiskeli, goti la kulia halikunji.
Naye ana swali, akasema, simu ikiwa bado sikioni:
zipu bado inakwama katikati?

Tukatazamana.
Zipu niliing'oa siku ya pili,
nikashona ya begi la shule la binti yangu.
Mwambie ilikuwa inakwama, nikasema.
Mwambie sasa haikwami.
Mwambie pia ni ya waridi.
Kikapita kimya, nikadhani salio limekwisha,
halafu kutoka mbali kule kikaja kikohozi,
au kicheko cha mtu asiyekizoea.

Hiyo ilikuwa kabla ya minada.
Wiki jana Osmundi alikuwa anashusha magunia mawili ya korosho
kwenda ghala la chama,
kona ya mteremko ikamkuta na mchanga.
Wanasema aliokota korosho kwanza, zote,
hata zilizoingia mtaroni,
ndipo akajipapasa mwenyewe.

Amekuja leo. Kiwiko cha kushoto kimefunguka.
Nimetafuta uzi mweusi, sina.
Nimeshona kwa wa bluu, mishono mipana, ya haraka,
yeye akiwa amelivaa, anatazama barabarani
asije abiria akachukuliwa na mwingine.
Namdai elfu mbili.