Matengenezo Madogo

Tangazo lilikuwa karatasi ya daftari
iliyobandikwa kwenye kioo cha muuza nyama, Makupa:
"Prado. Yaenda. Matengenezo madogo."
Na namba ya simu, saba moja imekatwa, ikaandikwa upya.

Mimi ni mpishi wa arusi.
Sufuria zangu za pilau haziingii kwenye tuktuk.
Kila Alhamisi nakodi pikapu ya Mbwarali,
na kila Alhamisi Mbwarali ana mkosi mpya:
tairi, askari, shemeji.
Zamu yangu ya mchezo ilipofika
nikaenda Tudor, bahasha ya arbuni kifuani.

Bwana Athman Shalo alitoka akipapasa ukuta,
miwani myeusi, kanzu imenyooshwa pasi,
na binti yake Nuswaiba nyuma; hakumshika,
ila mkono ulikuwa tayari.

"Njoo umsikize," akasema. Hakusema nimtazame.
Akaweka kiganja juu ya boneti
kama apimaye homa ya mtoto.
Nuswaiba akawasha.

"Hiyo tii-tii-tii ni mkanda, hauzidi elfu mbili.
Hiyo kwa-kwa ukikata kona ni bushi ya kushoto.
Dirisha la nyuma halishuki,
lisukume kwa viganja viwili, usilitukane.
AC yapuliza, lakini yapuliza mwezi wa tatu.
Breki nzima. Breki sikufanya nazo mchezo.
Kwa breki hizi nilimtoa mama yao Msambweni,
usiku, mvua, feri imekwama..."
Akanyamaza. Injini ikaendelea peke yake.

Kisha akageuza uso alipodhani nipo:
"Na rangi waionaje, mwanangu?
Prado za kijani hiki, Mombasa nzima
hazipati tatu. Kijani cha kisamvu."

Nikalitazama gari.
Jua na chumvi vimekula, vimeshiba.
Boneti nyeupe kama ukoko wa wali,
paa linabambuka,
milango rangi ya maji yalooshea mchele.
Nuswaiba hakunikonyeza.
Alitazama kandambili zake.

Mimi ni mwanamke wa biashara.
Pale palikuwa na elfu sitini za kupunguza,
zimelala wazi kama sarafu njiani.
Nikasema, "Kijani, ndiyo. Cha kisamvu."

Nikapunguza kwa mkanda, nikapunguza kwa bushi,
kwa dirisha nikapiga kelele na kuapa
mpaka mwenyewe akacheka.
Rangi sikuigusa.

Matengenezo madogo ni mgeni:
siku mbili alikula kilichopo,
siku ya tatu akaagiza godoro.
Mkanda ukafichua pampu ya maji,
pampu ikamtaja rejeta,
rejeta akatoa majina ya wenziwe wote
mbele ya Chirima, fundi wangu wa Changamwe,
ambaye akiniona hufuta mikono polepole
kabla ya kutamka bei.
"Mama, hii si ghali. Ghali bado."
Nimeshalipa na pesa za arusi tatu
ambazo maharusi wake bado wanagombana.

Jana aliniita.
Alikuwa ameuvua mpira wa ukingo wa mlango,
mpira uliokaa hapo tangu gari lishuke melini.
"Njoo uone. Kumbe hili lilikuwa na rangi!"

Chini ya mpira, upana wa kidole,
pasipofika jua wala upepo wa chumvi,
mstari mrefu wa kijani,
mbichi, unang'aa,
kisamvu kabla ya nazi.

Nikatoa simu. Nikaifikia namba,
ile yenye saba iliyoandikwa upya.
Ningemwambia nini?
Kwake haikupata kutoka.

Nikaitia simu mkobani.
"Rudisha mpira," nikamwambia Chirima, "uubane sawasawa.
Kesho nina pilau ya watu mia nne, Kisauni."

"Na dirisha, mama?"

"Dirisha tutaliona mchezo ukinirudia."