Mjomba Aliyevuka Maji

Boma la Tukuyu lilimsomea miaka kumi na minne
kwa lugha moja, kisha kwa lugha ya pili,
na mvua juu ya bati ikala nusu ya maneno.
Mama yangu, Subilaga, alishika neno moja tu: ng'ambo.

Kosa lilikuwa la kweli. Hatujawahi kulificha.
Njia ya Lupa, mchana kweupe, panga,
karani mmoja aliyebeba kifuko cha dhahabu
isiyojaza kiganja, na mashati mawili ya kufua.
Mjomba alichukua na mashati.

Kisiwani hapakuwa na mlima.
Hilo ndilo alilotusimulia kwanza,
kabla ya minyororo, kabla ya nyundo na matumbawe:
kwamba alfajiri aliinua macho kuutafuta Rungwe
na macho hayakupata pa kuegemea.
Maji tele, yasiyonyweka.
Jua lisilojua koti la ukungu.
Ambilikile, kwetu, ni "ameniita".
Huko aliitwa Mia Nne na Sita,
akaitika, akaitika, mpaka namba ikamkaa mwilini.

Aliporudi, watoto tulimkimbilia migombani:
Mtu wa ng'ambo! Umetuletea nini?
Akatoa kijiko cha bati, ncha imelika.
Tulicheka. Mama akatupiga wote kwa ufagio.

Alilala sakafuni, kichwa mlangoni.
Jioni alihesabu ndama, kisha akatuhesabu na sisi.
Na jembe la jirani lilipopotea,
hata kuku, hata kamba ya kuanikia,
hodi ya kwanza ilipigwa kwetu,
naye alitoka amekwisha kunyosha mikono,
viganja juu, kabla hajaulizwa.

Mwaka wa tatu akaswaga ndama mmoja hadi Chunya,
siku sita kwa miguu, akilala wanakolala wachungaji.
Karani alikwisha kufa.
Alimkuta mjane anapepeta mtama,
akajitaja kwa jina, si kwa namba.
Mwanamke hakusimamisha ungo.
Mume wangu, alisema, tangu siku ile
hakuvaa tena shati jeupe.

Kisha akaipokea kamba ya ndama.
Hakumkaribisha hata maji.

Mjomba alitusimulia hayo akimenya ndizi,
kisu kidogo, maganda yakiangukia miguuni.
Akanyamaza.
Akatuhesabu tena.